Usijenge chumba kabla ya kuuliza stima itapita wapi

Katika mitaa yetu ya Nairobi neno "ekstensheni" lina maana mbili. Ya kwanza ni vile vyumba ambavyo mtu huongeza nyuma au ubavuni mwa nyumba yake wakati familia imepanuka, au anapotafuta mpangaji wa kumsaidia kulipa karo. Ya pili ni ule waya mrefu wenye matundu manne au sita, ambao hupitishwa chini ya zulia au juu ya mlango ili stima ifike mahali ambapo haikufikishwa. Nimeishi Eastlands kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo moja nimelishuhudia tena na tena: palipojengwa ekstensheni ya kwanza bila mpango, ekstensheni ya pili haikosi.

Mwaka juzi mimi na mume wangu tuliamua kumleta mama mkwe wangu mjini. Amepita miaka sabini, ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake hufa ganzi. Kule mashambani alikuwa akiishi peke yake, na kila siku ya kliniki ilikuwa kilio cha matatu na pikipiki. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, na ndani tulikuwa watu watano. Basi tukakata shauri kuongeza vyumba viwili na bafu nyuma ya nyumba: chumba kimoja cha mama, na kingine cha kijana wetu aliyekuwa akijiandaa kuingia chuo.

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unataka kujenga, atakuuliza bei ya mawe, mchanga na mabati. Atakuuliza mwashi ni nani na kama umepata kibali cha kaunti. Ni nadra sana mtu akuulize stima itapita wapi. Stima huachwa ije mwisho, baada ya rangi, kama pazia. Hapo ndipo fundi hulazimika kuupasua ukuta mpya ambao plasta yake haijakauka, au kuupigilia waya misumari juu ya ukuta hadi chumba kionekane kama kimetambaliwa na nyoka.

Nyumba yetu ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo ndiyo miaka ambayo mitaa mingi ya upande huu, kama vile Umoja, Buruburu na Dandora, ilikuwa ikiinuka. Waliopiga waya wakati huo walikuwa wakifikiria maisha ya wakati huo: balbu moja katikati ya dari, soketi moja kila chumba, redio, pasi, na kwa mwenye bahati, televisheni. Hakuna aliyejua kwamba katika nyumba hiyo hiyo siku moja kutakuwa na friji, birika la stima, kifaa cha kuchemsha maji bafuni, mashine ya kufulia, kompyuta ya mwanafunzi na simu tano zinazotaka chaji kila usiku. Nyaya ni zile zile zilizomo ukutani. Sisi ndio tuliobadilika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jumapili moja jioni, kabla hata ya kuita mwashi, nilichukua daftari la mtoto la hesabu, lile lenye miraba, nikachora vyumba vyetu viwili na bafu. Mume wangu alinicheka, akasema nimegeuka mchoraji ramani. Lakini aliponiona nachora kitanda cha mama yake, akavuta kiti akaketi.

Tulimpigia mama simu tukamuuliza maswali ambayo hakuyatarajia. Huamka mara ngapi usiku? Hulalia upande gani? Hupenda kukaa wapi anaposoma Biblia yake? Mwanzoni alidhani twamtania. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi huamka mara tatu, mara nne. Hiyo sukari hainipi nafasi. Na kitu ninachokiogopa ni giza kati ya kitanda na mlango."

Jibu hilo lilibadilisha mchoro wetu wote. Kwa kawaida swichi ya taa huwekwa mlangoni. Mtu huzima taa, kisha hupapasa gizani hadi kitandani. Kijana hilo halimsumbui. Mama wa miaka sabini na zaidi asiyehisi vidole vyake vya miguu aweza kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, ni mara chache mambo yakarudi kama zamani. Dawa yake ni swichi mbili zinazotawala taa moja, moja mlangoni na nyingine ubavuni mwa kitanda. Mafundi huijua kazi hiyo vizuri, na waya wa ziada unaohitajika si wa kutisha. Lakini ni lazima ijulikane mapema, kwa sababu nyaya hizo hupita ndani ya ukuta.

Vivyo hivyo kuhusu soketi. Nyingi za zamani huwekwa karibu na sakafu. Tulichora za mama zikiwa juu ya kimo cha meza, asilazimike kupiga magoti ili kuchomeka chaja. Tukaweka taa ya nje juu ya mlango wake, taa ndogo katika njia ya kwenda bafuni, na soketi nne katika chumba cha kijana badala ya moja. Kila soketi tuliyoichora ilikuwa ekstensheni moja ambayo haitapita chini ya zulia.

Mchoro ulipokamilika ndipo shida yenyewe ilipoanza, na haikutokana na stima bali na ukoo.

Mume wangu ana ndugu mdogo, shemeji yangu, ambaye hufanya vibarua vya ujenzi. Ni kijana hodari, mwenye mikono myepesi, na ametengeneza swichi na soketi katika nusu ya nyumba za jamaa zetu. Aliposikia tunajenga alikuja Jumamosi na mkoba wake wa vifaa. "Shemeji," akaniambia, "hii kazi ni yangu. Nipe elfu kumi na tano za ufundi, na nyaya nitawanunulia kwa bei ya rafiki."

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuzungumza na fundi mwingine, mzee mmoja mwenye leseni ambaye alikuwa ametutajia elfu thelathini na nane, bila vifaa. Hesabu hiyo ilikuwa chungu. Tofauti ya elfu ishirini na tatu kwa nyumba kama yetu ni pesa za kufikiriwa. Tena ilikuwa kazi ya chumba cha mama yake mzazi. Kwa nini pesa zitoke nje ya familia? Mume wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema kwa sauti ya chini, "Nikimnyima kazi hii, nitamwambia nini mama?"

Kuna nyakati katika ndoa ambapo mwanamke huweza kushinda mabishano na kupoteza nyumba. Sikutaka kuingia kati ya ndugu wawili. Nilimwomba jambo moja tu: tumlipe yule mzee aje kuikagua nyumba nzima kabla ya kuamua nani atafanya kazi, na shemeji awepo. Kama mzee hataona lolote ambalo shemeji hawezi, kazi ni ya shemeji.

Mzee alifika saa mbili asubuhi akiwa na kalamu sikioni na kipimo chake kidogo cha stima. Hakukimbilia vyumba vipya. Alianza na bodi, yaani kile kisanduku cha swichi karibu na mita. Alizima swichi kuu, akafungua, akatazama kwa tochi. Kisha akaketi mezani na kuomba karatasi.

"Mama," akaniambia, "kabla ya kuongeza watoto, mtu huuliza kama chakula kitatosha."

Akatufanyia hesabu ambayo kijana wetu aliifahamu haraka kuliko mimi. Stima ya majumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Ukitaka kujua kifaa kinavuta kiasi gani, chukua wati zake zilizoandikwa nyuma, ugawanye kwa 240, utapata ampea. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Birika la wati 2,400 huvuta ampea 10. Kichemsha maji cha bafuni cha wati 6,000 huvuta ampea 25. Balbu za kisasa za LED za wati 10, hata zikiwa kumi pamoja, hazifiki nusu ampea. Kwa hiyo anayepigana na watoto kwa sababu ya balbu huku kichemsha maji kikinguruma bafuni, anamfukuza panya na kumwacha fisi zizini.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza hatari ya ule waya wa matundu mengi. Plagi yetu ya miguu mitatu mraba imetengenezwa kubeba ampea 13, yaani kama wati 3,120 hivi. Ukichomeka birika la wati 2,400 na pasi ya wati 1,200 katika ekstensheni moja, umefika wati 3,600. Fyuzi ya plagi ikiwa halali, huweza kukatika mzigo ukizidi sana. Ikiwa mtu ameiondoa akaweka kipande cha waya au karatasi ya sigara, hakuna kitakachokatika. Waya ndio utakaopata moto, chini ya zulia, watu wakiwa wamelala.

Kisha akaeleza unene wa nyaya, nami nikaandika. Kwa nyumba kama zetu mafundi aghalabu hutumia waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa, na wa 2.5 kwa soketi. Kichemsha maji cha bafu huhitaji waya wake peke yake kutoka kwa bodi, mara nyingi wa milimita mraba 6, na breka yake peke yake. Jiko la stima huhitaji mnene zaidi. Waya mwembamba unaobebeshwa mzigo mkubwa ni kama punda anayebebeshwa gunia tatu. Hafi siku hiyo, lakini hafiki mwaka. Na breka lazima ilingane na waya. Mtu anayeona breka inakatika kila mara akaibadilisha kwa kubwa zaidi bila kubadilisha waya, ameondoa mlinzi na kumwalika mwizi.

Shemeji alikuwa akisikiliza akiwa amekunja mikono. "Hayo nayajua," akasema.

"Vizuri, kijana wangu," mzee akajibu bila hasira. "Basi njoo tupime athi pamoja."

Athi ndiyo ule waya wa kijani, au wa kijani na manjano, ambao huunganisha vifaa vyote na ardhi kupitia nondo ya shaba iliyozamishwa nje ya nyumba. Kazi yake haionekani siku mia tisa tisini na tisa. Siku ya elfu, waya wenye moto ukigusa bati la friji au maji ya bafu, stima hukimbilia ardhini kupitia waya huo na breka ikakatika. Waya huo usipokuwepo, stima hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni mtu aliyegusa bati au aliyesimama majini.

Walipima soketi ya sebuleni. Walipima ya jikoni. Wakaenda bafuni kwenye kichemsha maji tulichokuwa tukikitumia kila asubuhi. Kisha wakatoka nje, wakafukua udongo kando ya ukuta. Nondo ya shaba ilikuwepo. Waya uliotoka ndani ya nyumba kuifuata ulikuwa umekatwa, umebaki kipande kama shibiri kikining'inia, kimeliwa na kutu ya kijani. Mtu fulani, miaka mingi kabla hatujainunua nyumba hiyo, alipokuwa akipitisha bomba la maji, alikuwa ameukata na kuufukia.

Nyumba nzima haikuwa na athi. Soketi zilifanya kazi, taa ziliwaka, televisheni iliimba. Hakukuwa na dalili yoyote. Na kama tungechukua stima kutoka kwa nyaya hizo na kuzirefusha hadi kwa bafu jipya, mama angekuwa akioga kila siku katika maji yasiyo na ulinzi wowote, yeye ambaye hata mikono yake haihisi vizuri.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa amechuchumaa kando ya lile shimo, ameshika kipande cha waya. Hakusema neno. Baadaye alichukua mkoba wake akaondoka bila kunywa chai.

Basi kazi akapewa mzee. Sitawaficha, wiki mbili zilizofuata hazikuwa tamu. Simu kutoka kwa jamaa zilikuja, nyingine za kuuliza kwa upole, nyingine za kuchoma. Niliambiwa nimempa mgeni kazi ya mwana wa nyumba. Mume wangu alijibu wote kwa sentensi moja: "Waya wa athi ulikuwa umekatwa." Waliofahamu walinyamaza, na wasiofahamu waliendelea.

Ngoja nikupe, msomaji, mambo ambayo tuliyatekeleza kwa zamu, maana kila moja lina wakati wake na likipita, kulirudia ni gharama.

Kwanza, leseni. Hapa Kenya kazi ya kupiga waya hutakiwa kufanywa na fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, ijulikanayo kama EPRA, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019. Leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Usione haya kumwomba fundi akuonyeshe yake. Mzee wetu aliitoa mfukoni kabla hatujamwomba, na sijamwona fundi mwenye leseni halali akikasirika kwa kuulizwa.

Pili, mpaka wa mita. Mita, mihuri yake na waya unaotoka kwenye nguzo si mali ya fundi wako. Ni ya kampuni ya umeme. Ukihitaji nguvu zaidi kuliko ulivyounganishiwa, au mita ya pili kwa ajili ya wapangaji, ni maombi rasmi kwa kampuni hiyo. Fundi atakayekuambia "nitakutoboleeni kwa nyuma" anakuuzia kesi.

Tatu, bodi mpya. Bodi yetu ya zamani ilikuwa na fyuzi nne za kuzungushia waya. Tuliweka mpya yenye breka, na ndani yake kifaa ambacho hukata stima chenyewe kikihisi kwamba kiasi kidogo kinapotea kupitia mahali pasipostahili. Kwa nyumba za kuishi hupendekezwa kile cha miliampia 30. Bei yake iliniuma, lakini nikikumbuka lile shimo kando ya ukuta, haikuniuma tena. Tulibakiza nafasi tatu tupu katika bodi. Hizo ni za siku ambayo tutataka kitu ambacho leo hatukijui.

Nne, mabomba kabla ya plasta. Mwashi alipomaliza kuta, alisimama siku tatu ili fundi akate mifereji na kuzika mabomba ya plastiki ambamo nyaya hupita. Anayejenga ghorofa lazima awahi zaidi, kwa maana mabomba ya dari hulazwa juu ya nondo kabla ya slabu kumwagwa. Slabu ikishamwagwa imekwisha. Sisi tulimwaga slabu ndogo juu ya bafu kwa ajili ya tangi la maji, na tukaacha bomba moja tupu ndani yake. Siku tukipata uwezo wa kuweka paneli za sola, njia ya nyaya ipo. Waliokuwepo wakati wa mgao wa stima wa mwaka wa 2000, au waliolala gizani usiku ule wa Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Tano, njia nyoofu. Mwambie fundi nyaya zipande au zishuke wima kutoka kwenye swichi na soketi, au zipite mlalo. Zisikate kona kwa kona kutafuta njia ya mkato. Miaka kumi baadaye mtu atataka kutundika picha, na msumari hauulizi. Kabla ya plasta kupigwa nilipiga picha za kila ukuta kwa simu, mtoto akishikilia futi ionekane. Picha hizo tulizichapisha tukazitia katika faili moja na hati ya nyumba.

Sita, bafu. Hakuna soketi ndani ya bafu. Swichi ya kichemsha maji ni ile kubwa inayokata nyaya zote mbili, na huwekwa nje ya mlango ambapo mkono wenye maji haufiki. Watoto wetu wamefundishwa kwamba anayeoga haigusi, na anayesikia mwenzake akilalamika kwamba maji "yanauma" huizima swichi hiyo kwanza, kabla ya kuingia kumsaidia.

Saba, vifaa. Tulikwenda na mzee mwenyewe hadi Luthuli Avenue. Alikuwa akishika waya, anaukunja, anakwaruza ncha yake kwa kisu. Alinionyesha waya ambao kwa nje ulikuwa na rangi ya shaba, na ulipokwaruzwa ukatoa weupe. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba. Aliutupa kaunta kama samaki aliyeoza. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, omba risiti, na usinunue "kwa bei ya rafiki" kitu ambacho kitafukiwa ukutani kwa miaka arobaini.

Nane, rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani waya wenye moto ni mwekundu na wa kurudi ni mweusi. Katika nyaya za siku hizi wenye moto ni wa kahawia na wa kurudi ni wa samawati. Nyumba iliyoongezwa vyumba huwa na zote mbili, na fundi atakayekuja baada yako aweza kuchanganyikiwa. Mzee alibandika karatasi ndani ya kifuniko cha bodi, akaandika wapi za zamani zinaishia na wapi mpya zinaanzia. Kila breka ikaandikwa jina lake: jikoni, bafu la nyuma, taa za mama. Sasa hata kijana wetu mdogo anajua ni ipi ya kuzima.

Siku ya mwisho mzee alipima kila soketi, akasaini hati ya kumaliza kazi, nasi tukaihifadhi. Gharama yote ya stima, ufundi na vifaa, ilizidi kidogo ile tuliyoipanga, kwa sababu ya kurudisha athi ya nyumba nzima. Tuliahirisha kuweka karo za sakafu katika chumba cha kijana. Bado ni simiti hadi leo, na hajafa.

Na shemeji? Siku ya tano ya kazi, bila kuitwa, alikuja asubuhi. Alimsalimia mzee, akachukua nyundo na patasi, akaanza kukata mfereji katika ukuta wa bafu. Mzee hakumuuliza kitu. Walifanya kazi hadi jioni, na siku iliyofuata vilevile. Mume wangu alimlipa kibarua cha siku zake, naye alizipokea pesa bila kuzihesabu, ambayo kwetu ni ishara kwamba moyo haujapoa.

Siku ya tatu nikamsikia akimuuliza mzee ile leseni hupatikanaje. Mzee akamweleza kwamba mtu aliyejifunza kwa mikono anaweza kuanza na mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza, na akishapata vyeti na uzoefu ndipo ageukie EPRA. "Mikono unayo," akamwambia. "Kinachokosekana ni karatasi, na ule woga."

"Woga wa nini, mzee?"

"Wa stima. Mimi nina miaka thelathini na minne katika kazi hii na bado naiogopa. Siku nitakapoacha kuiogopa, nitarudi kulima."

Shemeji amefanya mtihani wa daraja la tatu mwaka huu. Hatujarudi kuongea kama zamani, ila alipokuja kumwona mama juzi, nilimwona akisimama mbele ya bodi, ameifungua, anasoma majina ya breka moja baada ya nyingine.

Kwa wewe unayepanga kuongeza chumba, iwe ni kwa ajili ya mzazi, mtoto au mpangaji, ushauri wangu ni mfupi. Kabla hujaagiza lori la mawe, chora kitanda. Kisha uliza atakayelala hapo huamka mara ngapi usiku. Kisha mlipe fundi mwenye leseni saa mbili za muda wake aipime nyumba uliyo nayo, kwa sababu chumba kipya hunyonya kutoka kwa nyumba kuukuu, na kama mama mgonjwa, nyumba kuukuu haiwezi kumpa mtoto kile isichokuwa nacho. Pesa hizo za ukaguzi ni ndogo kuliko bei ya mlango mmoja. Na ndugu akikasirika, mpe nyundo ashike pamoja na fundi. Hasira za ndugu hupoa. Stima haina ndugu.